Imekubali, lakini umefuta ipi?

Saa kumi jioni, Moshi, chumba cha kujisomea ghorofa ya pili. Dirisha linatazama mlimani lakini Kibo imejifunika wingu. Kwenye laptopu imefunguliwa programu ndogo ya maswali ya majaribio kwa kidato cha nne: inachanganya maswali ili wanafunzi wawili wa dawati moja wasipate mpangilio mmoja, na mtumiaji akisahau neno lake la siri, inamtengenezea tokeni, yaani msimbo wa siri usiobashirika, ya kuweka jipya. Lugha ni Go. Kuchanganya maswali kunafanya kazi tangu wiki iliyopita. Leo imeongezwa tokeni, na kichwa cha faili kimekuwa hivi:

```
package main

import (
	"math/rand"

	"crypto/rand"
	"fmt"
)
```

Kompaila, programu inayogeuza msimbo uwe kitu cha kuendeshwa, inajibu:

```
./main.go:6:2: rand redeclared in this block
	./main.go:4:2: other declaration of rand
./main.go:6:2: "crypto/rand" imported and not used
```

Mwenzake anainama, anagusa skrini kwa kidole. “Futa huo wa chini, dada. Si umeambiwa hautumiki?”

Mstari wa 6 unafutwa. Kompaila inanyamaza.

“Imekubali.”

Maswali yanachanganyika, tokeni zinatoka, laptopu inafungwa. Kuanzia dakika ile tokeni za maneno ya siri zinatoka kwenye math/rand, chombo ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya siri.

Na hakuna aliyesoma vibaya.

Hilo ndilo limekaa kichwani mwangu wiki ya nne sasa. Wale wawili hawakuruka ujumbe wala hawakubahatisha. Waliusoma, wakaufuata neno kwa neno, ukawapeleka mahali pabaya.

## Kilichofutwa

Maktaba zote mbili zinaitwa rand. Ya crypto huchota baiti zake kwenye mfumo wa uendeshaji, na ndiyo ya kutengenezea siri. Ya math ni ya michezo, sampuli na kuchanganya vitu. Balaa ni kwamba zote mbili zina fanksheni iitwayo Read, na zote mbili huitwa kwa namna moja: unaipa nafasi ya baiti, inaijaza, inakurudishia idadi na kosa kama lipo.

```
b := make([]byte, 32)
rand.Read(b)
```

Mistari hii miwili inakubali kwa maktaba yoyote kati ya hizo. Hakuna aina ya data itakayogoma, na jaribio la kawaida halitaanguka, kwa sababu baiti 32 zinatoka vilevile na kwa macho zinaonekana za kubahatisha vilevile.

Sasa jaribu njia ya pili. Tuseme binti yule angebisha, akafuta math/rand na kuacha crypto/rand. Kompaila ingemjia juu papo hapo:

```
./main.go:28:7: undefined: rand.Shuffle
```

Shuffle, inayochanganya maswali, ipo math/rand tu. Basi angerudisha mstari alioufuta, kisha angefuta ule mwingine. Njia salama imefungwa kwa kosa jekundu, njia ya hatari iko wazi na mwisho wake ni kimya. Mwanafunzi anayetafuta kimya atafika kwenye hatari kila mara, aanze kufuta upande wowote.

Tatizo hili haliishii kwenye lugha kali ya ujumbe. Ujumbe unasukuma.

Watunzaji wa Go waliuona mtego huu upande wa maktaba. Kabla ya Go 1.20, math/rand isiyopewa mbegu, yaani namba ya kuanzia, kwa Seed ilitoa mfululizo uleule kila programu ilipowashwa, yaani tokeni ya kwanza ya leo ni tokeni ya kwanza ya jana. Toleo la 1.20, Februari 2023, likaifanya ijipe mbegu yenyewe na likaiwekea Read ya math/rand alama kwamba isitumike tena. Toleo la 1.22, Februari 2024, likaleta math/rand/v2 isiyo na rand.Read, na fanksheni za juu za maktaba ya zamani zikaanza kutumia ChaCha8, kanuni ya kuzalisha namba ngumu kubashiri, pale ambapo mtu hakuweka mbegu, ili anayekosea maktaba asiumie sana. Lakini masomo mengi ya zamani yaliyonakiliwa huku na kule bado yanaanza na rand.Seed ya saa ya sasa. Kwenye mradi ambao go.mod yake, faili la mipangilio, inataja toleo lililo chini ya 1.24, mstari huo unairudisha mashine ya zamani, na anayejua seva iliwashwa lini kwa kukadiria anaweza kujaribu mbegu mojamoja.

Maktaba imetibiwa. Ujumbe haujaguswa na dawa hiyo, kwani hata math/rand/v2 jina lake la kuitia ni rand.

Kuna jambo dogo hapa linanisumbua kuliko mengine. gofmt, chombo cha Go cha kunyoosha msimbo, hupanga mistari ya kuingiza maktaba kwa alfabeti ndani ya kila kundi. Kama pasingekuwa na mstari mtupu katikati, crypto/rand ingekaa juu, math/rand chini, na kompaila ingelaumu ya chini, yaani ingesema math/rand ndiyo haitumiki. Vilevile html/template hutangulia text/template, na ile ya html ndiyo inayokinga ukurasa dhidi ya msimbo unaopenyezwa na mtumiaji. Mara mbili alfabeti imeangukia upande salama. Mstari mmoja mtupu ukaiondoa bahati hiyo.

## Mangi yupi?

Mtoto wa Pasua akitumwa sukari kwa Mangi, na katika mtaa kuna Mangi wawili, atauliza: wa juu au wa chini? Ni swali la kawaida kabisa, wala hakuna mzazi anayelijibu kwa kufunga duka moja. Mmoja anakopesha, mwingine hakopeshi. Mmoja ana mafuta ya taa, mwingine hana. Unaongeza neno moja, wa juu, mtoto anakwenda.

Lakini mama akisema “kwa Mangi” na baba akisema “kwa Baba Joy”, na hao ni mtu mmoja, mtoto haulizi chochote. Maagizo mawili, duka moja.

Kosa la kuingiza maktaba mara mbili lina sura hizo mbili, na tiba zake zinapingana. Kitu kimoja kikiingizwa mara mbili, futa mmoja wapo, hakuna kitakachoharibika. Vitu viwili vyenye jina moja, usifute. Ipe moja lakabu. Go inatoa sentensi ileile kwa hali zote mbili. Andika "fmt" mara mbili, utaambiwa fmt redeclared in this block. Andika rand mbili zisizo na undugu, utaambiwa vivyo hivyo.

Na lile neno block. Kwa fundi wa kompaila ni eneo ambamo jina linaishi. Kwa kijana wa Moshi aliyesoma Kiingereza cha darasani, ni tofali la simenti. Neno hilo lingeweza kutoka bila ujumbe kupoteza chochote.

## Kompaila inajua

Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba ujumbe ni mfupi kwa sababu kompaila haina zaidi ya kusema. Si kweli.

Wakati inaandika ule mstari, mkononi ina jedwali la majina. Kwa kila jina lililoingizwa inajua njia kamili ya maktaba, mstari, safu, na orodha ya kila kinachotolewa na maktaba hiyo kwa nje. Kulinganisha njia mbili kamili ni kazi ya hatua moja. Tena kazi hiyo inafanyika kosa likishatokea, kwa hiyo haipunguzi kasi ya programu nzima isiyo na kosa.

Rust inafanya ulinganisho huo. Kosa lake la E0252 lina matawi mawili. Kompaila inauliza kama majina mawili yanaelekea kwenye kitambulisho kimoja cha ndani. Yakielekea pamoja, inashauri kuondoa mstari wa ziada. Yakitofautiana, inatoka hivi:

```
error[E0252]: the name `Result` is defined multiple times
 --> src/main.rs:2:5
  |
1 | use std::fmt::Result;
  |     ---------------- previous import of the type `Result` here
2 | use std::io::Result;
  |     ^^^^^^^^^^^^^^^ `Result` reimported here
```

Chini yake hufuata ushauri wa kutumia neno `as` kubadili jina. Mistari yote miwili ya chanzo iko mbele ya macho, na msomaji anaona fmt na io bila kuhesabu namba za mistari. Hii ni kazi nzuri, na inapaswa kuigwa.

Bado ina kasoro mbili. Kichwa cha ujumbe ni kimoja kwa matawi yote mawili, hivyo anayesoma mstari wa kwanza peke yake hajui yuko hali gani. Na lakabu inayopendekezwa ni OtherResult, au other_ kwa majina ya herufi ndogo. Other ni “ile nyingine”. Miezi sita baadaye hakuna atakayekumbuka nyingine ni ipi. Njia ya maktaba ipo palepale: IoResult ingetosha.

Java imeamua jambo moja vizuri mapema: ukiingiza aina ileile mara mbili kwa jina lake kamili, sheria ya lugha inasema mstari wa pili upuuzwe. C# inatoa onyo tu, CS0105. Nakubaliana nazo. Kitu kimoja kikirudiwa hakina madhara, na kusimamisha kazi ya mtu kwa jambo lisilo na madhara kunamfundisha kwamba makosa yote ya aina hii ni ya kufuta. Akikutana na Date mbili, ya java.util na ya java.sql, mkono wake umeshazoea.

Python hainung'uniki hata kidogo.

```
from math import sqrt
from cmath import sqrt
```

Baada ya hapo sqrt(4) inarudisha (2+0j), kwa kuwa aliyeingia mwisho ndiye mwenye jina. Kosa litajitokeza mbali, pengine pale unapolinganisha namba mbili na kuambiwa namba changamano haina kubwa wala ndogo. Pyflakes, chombo cha kukagua msimbo, ikiendeshwa mapema itakuonyesha kwamba sqrt ya mstari wa 1 imefunikwa kabla haijatumika. Weka chombo hicho kwenye kihariri cha kila mwanafunzi siku ya kwanza.

## Ujumbe unaosingiziwa

Wanaofunga vihisi vya joto na unyevu kwenye vitalu nyumba kule Arusha wanaujua huu:

```
Multiple libraries were found for "DHT.h"
  Used: /home/maabara/Arduino/libraries/DHT_sensor_library
  Not used: /home/maabara/Arduino/libraries/DHT-sensor-library-master
```

Folda ya kwanza ilisakinishwa kwa kidhibiti cha maktaba cha Arduino, programu ya kuandikia msimbo wa vihisi hivyo. Ya pili ilipakuliwa kama faili la zip na kufunguliwa kwa mkono, ndiyo maana ina mkia wa master. Kwa upande mmoja ujumbe huu ni bora kuliko ule wa Go: unataja njia kamili zote mbili, unasema ipi imechukuliwa na ipi imeachwa. Ndivyo inavyotakiwa.

Ubaya wake ni mahali unapokaa. Kwa kawaida hutokea mwishoni pale programu inaposhindwa kwa sababu nyingine, ukiwa miongoni mwa mistari ya mwisho kwenye dirisha jeusi. Mara nyingi kosa lenyewe liko mistari kadhaa juu:

```
fatal error: Adafruit_Sensor.h: No such file or directory
```

Maktaba ya DHT ya Adafruit inahitaji maktaba ya pili, Adafruit Unified Sensor, na haijasakinishwa. Mwanafunzi anasoma mistari ya mwisho, anafuta folda ya master, anaendesha tena, inashindwa. Anafuta na ile nyingine. Sasa DHT.h yenyewe haipo na kosa limekuwa jipya. Saa nzima imekwenda kwenye taarifa ambayo haikuwa kosa.

Tiba ni ndogo sana. Neno “Taarifa:” mbele ya mstari huo, na mstari wenyewe uchapishwe kabla ya kosa, usiwe baada. Kilichochapishwa mwisho ndicho kinachoonekana bila kusogeza skrini, na hapo ndipo kosa halisi linastahili kukaa. Mpaka hapo itakapokuwa hivyo, anayefundisha awaambie wanafunzi watafute neno error kuanzia juu kwenda chini, na waliache la Multiple libraries mpaka mengine yote yaishe.

## Mlinzi wa mlango

C inaiga maandishi ya faili la kichwa na kuyabandika palepale penye #include. Faili likibandikwa mara mbili, struct inatangazwa mara mbili, unapata redefinition. Kinga, iitwayo mlinzi, ni ile mistari mitatu ya #ifndef, #define na #endif, au #pragma once.

Clang, mojawapo ya kompaila za C, inafanya jambo la heshima hapa. Ikiona kwamba matangazo mawili yametoka faili moja, inaongeza maelezo kuwa faili hilo limeingizwa mara kadhaa, inaonyesha kila mahali lilipoingizwa, na inasema faili halina mlinzi, ikikushauri #ifdef au #pragma once. Imetambua hali, imetaja tiba ya hali hiyo. Aidha ina onyo la -Wheader-guard kwa aliyeandika #ifndef FOLENI_H kisha akakosea herufi kwenye #define.

Lipo kosa la kinyume ambalo halisemwi vya kutosha. Mafaili mawili tofauti, kila moja linaitwa utils.h katika folda yake, na yote yamepewa mlinzi UTILS_H. La kwanza linaingia. La pili linafika mlangoni, mlinzi anaona jina limeshaandikwa daftarini, analizuia lote. Kompaila hailalamiki juu ya UTILS_H. Inalalamika mistari mia mbili baadaye kwamba haiijui aina fulani, wakati wewe unaiona kwa macho imeandikwa kwenye utils.h. Vitu viwili vimechukuliwa kuwa kimoja. Weka jina la mradi na la folda ndani ya mlinzi, MTIHANI_FOLENI_UTILS_H, hata kama ni refu. #pragma once nayo inashika faili lenyewe wala haitegemei jina la kuandika, ila ukinakili faili moja katika folda mbili inaweza kuyaona ni mawili, na unarudi kwenye redefinition.

Hali ya tatu ni ya matoleo. Katika Rust, maktaba mbili ulizoziita zinaweza kuwa zimebeba maktaba moja ya chini kwa matoleo mawili. Kompaila inakwambia ilitarajia aina fulani na imepata aina hiyohiyo kwa jina. Kwa miaka ilitoa dokezo la swali tu: pengine matoleo mawili yanatumika? Siku hizi inaweza kukutajia cargo tree. Andika cargo tree -d, utaona kila maktaba iliyorudiwa na nani ameileta. Hapa hufuti wala hupi lakabu. Unasawazisha matoleo kwenye Cargo.toml, faili la mipangilio ya mradi.

## Ujumbe ulioandikwa upya

Hii ndiyo rasimu ya kwanza ya vile kompaila ingeweza kumjibu binti wa Moshi:

```
main.go:6: jina rand limeshachukuliwa

  4 |  "math/rand"
  6 |  "crypto/rand"

Hizi ni maktaba mbili tofauti. Ipe moja lakabu:

  6 |  crand "crypto/rand"

Pitia pia matumizi haya:
  29 |  rand.Shuffle   ipo math/rand tu
  58 |  rand.Read      ipo katika zote mbili
```

Sehemu ya thamani ni ile ya chini. Kuitengeneza ni hivi: kila panapoandikwa rand nukta kitu, tafuta kitu hicho kwenye orodha ya nje ya maktaba zote mbili. Kipo kwenye moja tu, itaje. Kipo kote, sema kipo kote, kwa sababu hapo ndipo kufuta kutapita kimyakimya. Hakipo popote, kaa kimya. Hilo ni kosa lingine na litajieleza lenyewe.

Pili, zima ule mstari wa “imported and not used”. Maktaba iliyokataliwa jina haikupata nafasi ya kutumika, kwa hiyo kusema haitumiki ni kumsingizia mtu. Ndani ya kompaila ni kuipiga alama ya “imetumika” mara tu jina linapogongana. Kwa maoni yangu mabadiliko haya peke yake yangeokoa tokeni zile, hata kama maneno mengine yote yangebaki yalivyo.

Tatu, lakabu itoke kwenye njia. Ruka vipande vya matoleo kama v2, chukua herufi ya kwanza ya kipande kilicho kabla ya cha mwisho, ibandike mbele ya jina, kisha hakikisha jina hilo halijatumika katika faili na halijatangazwa na faili lolote la pakiti hiyo, kwani Go hairuhusu jina lililoingizwa lilingane na la pakiti nzima.

Kisha majaribio. Mafaili matatu madogo: njia moja mara mbili, njia mbili za jina moja, na matoleo mawili. Kando ya kila moja weka faili la ujumbe unaotarajiwa, herufi kwa herufi. Rust inafanya hivyo kwa mafaili ya .stderr ndani ya tests/ui, na anayebadili ujumbe huyasasisha kwa --bless, ili mhakiki aone neno gani limeondoka na lipi limeingia.

## Rasimu ilipokosea

Mashaka ya kwanza yalikuwa urefu. Mtu aliyechoka husoma mstari mmoja. Na mstari wa kwanza wa rasimu ile unasema jina limechukuliwa, jambo ambalo ni kweli kwa hali zote, hivyo halimsaidii kuchagua. Habari kubwa, kwamba ni maktaba mbili tofauti, imefichwa chini. Ikasogezwa juu:

```
main.go:6: maktaba mbili tofauti zinagombea jina rand
```

Na kwa hali ile nyingine:

```
main.go:6: "fmt" imeshaingizwa mstari wa 5, mstari huu ni wa ziada
```

Huu wa pili unaweza kuachiwa kihariri kiutekeleze chenyewe. Rust ina madaraja ya ushauri kwa ajili hiyo: ule ambao mashine inaweza kuutekeleza bila mtu, na ule ambao unaweza kuwa na makosa. Kufuta cha ziada ni daraja la kwanza. Lakabu haiwezi kuwa daraja la kwanza kamwe, kwa sababu kompaila inajua vitu ni viwili ila haijui moyo wako ulitaka kipi mstari wa 58.

Mashaka ya pili yalichukua muda zaidi, nayo yalitokana na kuufuata ushauri wa rasimu hadi mwisho. Weka crand kwenye mstari wa 6, usiguse kingine, uendeshe. Go inajibu:

```
./main.go:6:2: "crypto/rand" imported as crand and not used
```

Haitumiki! Tumerudi palepale. Mstari wa 58 bado unasema rand.Read, na rand sasa ni ya math bila ubishi. Yule mwenzake anainama tena, kidole kwenye skrini, na safari hii ana haki zaidi ya mara ya kwanza.

Kosa ni desturi ya kumpa lakabu aliyekuja wa pili. Rust inafanya hivyo, rasimu yangu ilifanya hivyo, bila sababu yoyote zaidi ya mpangilio wa mistari. Swali linalofaa ni: nani akinyang'anywa jina fupi, makosa yatapiga kelele? math/rand ndiyo yenye Shuffle, na Shuffle haipo kwa mwenzake. Ukiinyang'anya math/rand jina, mstari wa 29 utalia. Ukiinyang'anya crypto/rand, mistari yote inatulia na kilio pekee ni “haitumiki”. Kompaila ina orodha zote mbili, hivyo inaweza kukokotoa hilo: lakabu iende kwa maktaba ambayo matumizi yake hayapatikani kwingine.

Rasimu ya mwisho, basi, inapendekeza mstari wa 4:

```
import (
	"crypto/rand"
	"fmt"
	mrand "math/rand"
)
```

Mpangilio huo ni wa gofmt, baada ya mstari mtupu kuondolewa. Endesha tena, mistari ya chini ikiwa imepanda kwa mmoja:

```
./main.go:28:7: undefined: rand.Shuffle
```

Sasa namba ya mstari ni ile inayohitaji mkono wa mtu. Andika mrand.Shuffle. Mstari uliokuwa wa 58 haujaguswa, na Read yake inatoka crypto.